Nyuso za Nta

Nafuta vumbi kwa unyoya wa bata bukini.
Huyu Publio Vesenio: alileta maji mjini,
akamzika mdogo wake chini ya tao la tatu.
Huyu Kwinto, konsuli wa siku tisa,
homa ikamvua joho.
Pua yake iliyeyuka kiangazi kile.

Vesenia hayumo. Wanawake hawakufinyangiwa nta.
Deni la kaka zake alililipa kwa bangili,
moja moja,
mpaka mikono ikabaki mitupu.

Wa mwisho alikufa bila mtoto.
Akaniachia uhuru, jina, na kabati hili:
mimi, Filero, niliyekaguliwa meno sokoni Delo,
ndiye Vesenio pekee Roma nzima.

Nauza mikate.
Jina nimelichonga kwenye muhuri,
naligandamiza kwenye donge, linaumuka.
Wapagazi hulila na vitunguu.