Mkono wa Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyekuwa namfuta.
Manispaa walinipa ndoo, brashi ya katani
na elfu sita kwa siku, zikitoka.
Ukuta wa ghala la kahawa, upande wa relini:
kila Jumatatu nilikuta neno moja limeota,
NAMI,
herufi zimenenepa kama ndizi mshare,
kwa buluu iliyobaki kwenye gereji ya Pasua
alikopuliza milango ya pikapu za watu.

Jina lake nililijua baadaye:
Elinami, wa mama Aikande muuza mbege, Kiboriloni.
Eli aliiacha kanisani.
Akabaki na Nami,
kama mtu anayebisha hodi kwenye sherehe asiyoalikwa:
na mimi, jamani. Na mimi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Mimi nilikuwa naziba ukuta mzima
na ufa unanitazama.

Mkono wa kwanza wa chokaa hauzimi buluu.
Wa pili, inakuwa mshipa chini ya ngozi.
Wa tatu unadhani umeshinda,
halafu mvua za Aprili zinashuka kutoka mlimani,
chokaa inalia,
naye anarudi.
Nilimtukana. Nilihesabu: mikono kumi na sita.
Wiki niliyougua homa sikwenda,
nikajikuta kitandani najiuliza
ameandika kwa rangi gani.

Kisha akapotea.
Miaka mitatu ukuta ulikaa mweupe
na mimi nikakosa kazi.

Tukasikia yuko Arusha,
ana chumba Njiro chenye dirisha kubwa,
anapaka turubai mchana kweupe, hakimbii mtu.
Binti yangu Ndeshukurwa akanipeleka kwenye maonyesho.
Mlinzi wa mlangoni aliitazama suruali yangu.
Nikamwambia, hiyo ni rangi, si uchafu.

Turubai ilikuwa nyeupe.
Nyeupe juu ya nyeupe, na kwa ndani kabisa
buluu inahema.
Bwana mmoja mwenye gilasi aliona theluji ya Kibo.
Mkewe aliona ukungu.
Mimi niliona mkono wangu:
ule mshazari wa kushoto
(bega la kulia liliteguka mwaka wa mafuriko),
pale brashi inapokaukiwa ikaburuta nywele zake.
Alikuwa amenikariri.
Nikatafuta sahihi pembeni, chini, nyuma.
Hakuweka.

Hatukusalimiana, alikuwa amezingirwa.
Alinitazama mara moja tu
kama mtu anayejaribu kukumbuka deni.

Alikufa Juni. Mapafu.
Mafundi wangapi wa gereji wameondoka na mapafu,
ila wao hawakuandikwa gazetini.
Wakamlaza kihambani kwa babu yake, Kirua,
katikati ya migomba, na kaburi halina rangi.

Sasa Manispaa ileile imeniita tena.
Ukuta umekuwa urithi.
Wamekuja wenye futi kamba, wamekuja wenye kamera,
kuna tajiri anataka ukatwe kwa msumeno
aupeleke kwenye jumba lenye kiyoyozi.
Nimepewa kisu cha plasta na elfu ishirini
nikwangue chokaa yangu bila kumchubua yeye.
Nakwangua polepole.
Elfu ishirini ni elfu ishirini.

Jana nilifika kwenye NAMI ya wiki ile ya homa.
Chini yake, kwa penseli ya fundi seremala,
mstari mdogo kama sisimizi wanaohama:
*Mzee wa chokaa, hukuja. U mzima?*

Kumbe niliupaka bila kuusoma.
Siku hizo sikuwa na miwani,
na asubuhi ile nilikuwa na hasira.

Msimamizi alipita saa saba,
akauliza kama nimepata chochote.
Nikasema bado.
Alipokwenda kula nikachovya brashi
nikaufunika ule mstari, huo tu,
mkono mmoja, mwepesi,
wa aina inayojua kulia
mvua ikija.