Sekunde Arobaini na Moja

Nimerudi tena kwenye wimbo wa sita, Mzee Kisingu,
saa nane za usiku, studio ya Ngara,
ghorofa moja juu ya duka la vitambaa.
Visikizi vyangu vimebanduka sifongo.
Sauti yako inapita kwenye skrini
kama meno ya msumeno uliokwisha kupasua magogo mengi.

Wa kwanza hadi wa tatu, sina neno.
Nasikia hata zipu ya jaketi la ngozi ikigoma:
kitambi kimeendelea na safari,
jaketi limebaki mwaka wa sabini na nne.
Mutiso anazikimbiza ngoma, damu ingali changa,
nawe unachelewa nusu pigo,
kwa makusudi au kwa magoti, sijui.

Wa nne, unakohoa.
Si kikohozi cha jukwaani cha kusafisha koo;
ni kile cha chumbani, cha alfajiri, kinachotafuta beseni.
Niliomba nikifute. Ukaniambia kwenye simu,
"Binti, hicho nacho kililipa kiingilio."

Wa tano, unasalimu ukumbi: "Kaloleni, mpo?"
Mtu wa nyuma anajibu: "Tupo! Lakini umenenepa!"
Hilo nimeliongeza sauti kidogo.

Sasa huu wa sita. Ule wa reli.
Wenye umri wanasema noti yake ya juu,
ulipoipiga ukiwa na nywele,
iliwabwekesha mbwa mpaka Jericho.
Daktari alikukataza. Tulikubaliana kwenye mazoezi:
utashuka chini, gitaa la Odera lipande badala yako,
kelele iwe blanketi, watu wasijue.

Dakika ya tatu na sekunde kumi na nane, stima ikapotea.

Hapa kwenye skrini ni mstari tu,
uzi uliochomolewa kwenye pindo la shati.
Maiki zimekufa, kompyuta inaendelea kurekodi
kutokuwepo kwenu, kwa uaminifu, kwa betri yake.
Nami nilikuwa chini ya meza,
simu mdomoni ikimulika,
nikipapasa fyuzi isiyo na kosa lolote,
visikizi bado vimeniziba masikio.

Wanasema uliipanda.
Bila maiki, bila spika, gizani,
wanasema uliishika mpaka mtu akahesabu tisa.
Mlinzi wa lango alidhani ni king'ora.
Odera, ambaye hajamsifu mtu tangu nimjue,
alinishika mkono, akauachilia, akaenda kufunga gitaa.
Ila Bi Sabina wako, akikunja mashati yako, alisema:
"Alijaribu. Ikavunjika katikati.
Watu wakamwokotea."

Nimewauliza kumi na wawili. Nina noti kumi na mbili.

Mwenye pesa za albamu anataka niizibe ile nafasi.
Anayo santuri yako ya zamani;
nitoe sauti ile, niisugue mikwaruzo,
niipachike humu kama kiraka cha rangi ileile.
Naweza. Kwa kazi ya nusu saa naweza,
na hata wewe ungesikiliza mara mbili.
Nilipokuambia ulinyamaza kwanza,
nikasikia redio ya jirani yako, na sufuria.
Kisha: "Usimtie kijana yule humo.
Hakuwepo."

Basi nimeiacha.
Atakayenunua atadhani spika zake zimeungua.
Atainuka kitini, atatikisa nyaya,
atamlaumu fundi, atawalaumu wa stima,
huenda akasikia bomba la jikoni kwake likidondoka,
mtoto akigeuka kitandani chumba cha pili.
Arobaini na moja. Nimezihesabu,
sikupunguza hata moja.

Halafu stima inarudi na mlio wa spika,
na makofi, Mzee, hayaanzi:
yanakutwa yakiendelea.