Herufi A Zilipokwisha

Kasisi Naftali Ombewa alinijia
na kurasa mia mbili ndani ya gunia la sukari,
mwandiko umelala upande mmoja
kama mtama uliopigwa na mvua ya mawe.
"Panga," akasema. "Nitalipa kidogo kidogo."

Mtambo wetu, pale nyuma ya stesheni ya Kisumu,
uliletwa na watu wa lugha nyingine:
kisanduku cha e kinafurika, cha a hakijai kibaba.
Na Kiswahili kinakula a kama nzige.
Ikawa tunachapa kurasa nne, tunazibomoa,
tunaosha risasi kwa mafuta ya taa, tunaanza upya.
Hivyo ndivyo nilivyoyasoma maisha yake:
kinyumenyume, nne nne,
vidole vyeusi.

Miaka kumi na tisa madhabahuni.
Alibatiza Yala, akazika Luanda,
akafungisha ndoa Maseno bwana harusi akitetemeka kwa malaria.
Kisha Uhuru ukaja na viti vitupu,
serikali ikatafuta watu wenye mwandiko.
Akavua kola, akaitia katika bahasha,
akaenda Kakamega kusajili ardhi.
Persila, mkewe, aliitoa kila Jumamosi
akaipiga pasi, akairudisha.
Hakusema kitu.

Wa mabenchi ya mbele walisema: mchungaji kahamia kwa fisi.
Yeye kaandika: *Kalamu ni ileile.
Ila kule niliandika waliozaliwa,
huku naandika mipaka,
na mpaka ukikosewa hauna toba, una mawakili.*

Ukurasa wa mwisho, mjane Dorsila.
Ekari tatu kando ya mto,
shemejiye kafika ofisini na mashahidi wawili na jogoo.
*Nilipiga muhuri. Nilijua.*
Maneno matatu. A mbili.

Asubuhi akaja, kofia mkononi.
"Toa hayo matatu. Yule shemeji sasa ni mkubwa."
Nikayatoa. Kazi yangu si kuuliza.
A zake nikazitia kwingine, zilikuwa zinahitajika.

Usiku wa kuchapa, mabati yakinguruma,
nikasikia hodi.
Ombewa, kalowa hadi magotini,
kola shingoni, imenyooka kama rula.
"Yarudishe."
Nikamwambia a zimekwisha, zote zimefungwa kwenye fremu.
Akainama juu ya chuma, akasoma kinyume, polepole,
hadi ukurasa wa jina, ambao sisi huuchapa mwisho.
Jina lake lilikuwa kwa herufi zilezile ndogo;
za fahari zilikuwa ghali.
"Ng'oa hapa," akasema, akaweka ukucha.

Basi kitabu kikatoka hivyo,
nakala mia tatu, jalada la kijivu:
N ft li Ombewa.

Mwalimu mmoja kutoka Butere alirudisha yake,
akasema wachapaji wa siku hizi ni wazembe.
Sikubishana.
Nikampa shilingi zake mbili.