Msumari Mtupu

Ukiingia banda la ndege kwa mlango wa kaskazini
utaona picha kumi na tatu ukutani
na msumari mmoja mtupu.
Wamenitaka niseme habari za kikosi,
kwa kuwa mimi ndiye mkongwe, na leo narudisha funguo.

Sisi ni askari wa akiba.
Akiba haiozi, husemwa;
hawakusema kwamba hupata kutu,
ndiyo maana kila mwezi, Jumamosi moja na Jumapili yake,
twaja hapa, Ohio ya mashariki, kuipangusa.
Siku nyingine Tibbs hufundisha hesabu,
Kapteni Hruska hung'oa watu meno,
nami huzibua masinki ya wazee wa Kislovaki
waliobaki baada ya viwanda vya chuma kuzimwa.
Jumamosi fundi bomba huvaa gwanda
na kubaki fundi bomba:
tofauti ni kwamba mabomba yako chini ya bawa.

Picha ya kwanza: vijana tisa, mwaka wa hamsini na mbili,
wametoka zamu ya usiku tanurini,
kope zimeungua, wanacheka mbele ya ndege kuukuu
waliyopewa kama kitinda mimba apewavyo viatu vya kaka yake.
Ya tatu: magunia ya unga, tetemeko, nchi siikumbuki.
Ya saba: majeneza.
Hiyo haihitaji maelezo.

Kati ya ya nne na ya tano ndipo ulipo msumari.
Nilipojiunga, Sajini Vasko alikuwa bado yu hai.
Aliniambia mara moja tu, amenipa mgongo,
anasugua pua za bomba kwa mswaki wa meno:
walipelekwa ng'ambo, wakanyunyizia msitu,
na msitu ukavua majani yote kwa wiki mbili
kama mtu aliyeamriwa avue nguo.
"Tulidhani ni majani tu," akasema.
Picha aliishusha mwenyewe
mwezi aliozaliwa mjukuu wake.
Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeng'oa msumari.

Kazi yetu sasa ni mbu.
Kimbunga kikishapita kule kusini, pwani ya Luiziana,
maji hukaa, na maji yakikaa huzaa.
Nimeona fahali mzima aliyekufa kwa kunyonywa,
ufizi mweupe kama karatasi.
Basi twashuka futi mia na hamsini
juu ya mapaa yaliyofunikwa turubai za buluu,
jua likizama, nyuki wakisharudi mizingani.
Hruska anahesabu minara ya simu kwa sauti, kama anayesali,
nami nafungua valvu:
vijiko viwili vya dawa kwa ekari nzima.
Chini kuna wanaopunga mikono.
Kuna wanaofunika watoto.
Wote nawaelewa.

Mfuga nyuki mmoja, Alcide Guidroz, alituandikia:
"Mizinga thelathini na mmoja i hai, miwili imekufa.
Sijui ni nyinyi au ni maji."
Hakudai fidia.
Barua yake nimekaa nayo miaka sita,
naihamisha kila nibadilishapo shati.

Mchana kamanda atahutubia.
Atasema "tukufu" mara nne, karatasi nimeiona.
Lakini asubuhi hii binti mpya, Marisela Ybarra,
wiki yake ya pili, buti bado hazijalainika,
alisimama ukutani akiugusa msumari kwa kidole:
"Hapa palikuwa na nini?"

Nikafunga mlango. Nikampinduliza ndoo akae.
Nikamweleza yote, hata ya mjukuu.
Kahawa ikapoa. Hakuniambia kitu.
Kisha tukapanda ngazi, nikamwonyesha valvu:
ya tatu kushoto huvuja, mwanangu.
Usiiamini hata ikikauka.