Kufuli Mbili

Mimi hufua vyuma tu,
si mhubiri wa watu,
sikusomeshwa na mtu,
nina duka la sokoni.

Kerala, kando ya mto,
ya pilipili na joto,
kufuli ndiyo kipato,
nami jina ni Birani.

Mlimani lasimama
kanisa la mawe, jema,
kengele yake husema
tuisikie bondeni.

Wakagombania kiti
cha askofu, na hati,
kesi ikameza senti,
ndugu wa damu na dini.

Jumatatu, Kuruvila
kaja nikienda kula:
"Kufuli, isiyo hila,
niikaze mlangoni."

Jumatano, Paulose:
"Yangu, asije aguse,
kubwa, na meno inase,
niifunge ubavuni."

Nikauza zote mbili.
Rupia zangu halali
zikanichoma makali
kama mwiba wa kooni.

Kanisa likafungika,
popo wakafurahika,
kengele haikuwika,
tukaikosa bondeni.

Kwayo mke huandaa
wali wetu wa dagaa,
nami huijua saa
pasi kitu mkononi.

Usiku mmoja, hodi!
Ni Kuruvila, karudi:
"Ufunguo wa hasidi
nichongee faraghani."

Na Paulose, usiku
wa pili, na pesa huku,
akaniletea kuku
kwa ombi hilo, jamani!

Nikasema: "Hiyo kazi
si ya fundi, ni ya mwizi.
Shikeni zenu hirizi,
mzivae kifuani."

Julai, mto kajaa,
mawingu yakazagaa,
maji kwangu yakakaa
magotini, kiunoni.

Tukaukwea mlima,
mbuzi, watoto na mama,
Kalyani naye kuhema
na mungu wake kapuni.

Twafika: kufuli mbili
zatutazama, katili,
kazi yangu, tena ghali;
haya zikaja usoni.

Kuruvila kafungua
ya kwake, akatambua:
mama hakumchukua,
kabaki kule chumbani!

Kadhani dada anaye,
dada kadhani ni yeye;
Eliyama yu pekeye,
maji tele kitandani.

Gizani pakatokea
mtu akichechemea,
matope yamemwenea,
na mzigo mgongoni.

Alikuwa Paulose
na mama, asimtose,
maji nayo yasiguse
pindo la shuka mwilini.

Hakuna aliyesema.
Kamtua, kasimama,
kauvuta uzi; chuma
kikatoka kifuani.

Kufuli ikadondoka,
mlango ukafunguka,
popo juu wakaruka,
mbuzi akawahi ndani.

Siku nane, sufuria
moja tukaitumia:
wali, chumvi, bila nia
ya kuuliza: wa nani?

Kalyani kawasha taa
kwa mungu wake, kakaa;
nami kwa sala, ishaa,
nikasujudu pembeni.

Zaburi za pande mbili
zikaanza mbalimbali,
zikagongana kauli,
zikapatana mwishoni.

Sitasema wamepona:
kesi bado yavutana,
wazee hununa sana
wakipishana njiani.

Ila Bibi Eliyama
kati yao hutuama,
huambia kila mama:
"Nimezaa uzeeni."

Zile kufuli, kwa kutu,
waliniletea watu;
zafunga vyema, si butu,
zaning'inia dukani.

Mwaka wa tatu ni huu,
kwa msumari wa juu;
hakuna hata mguu
ulozifuata ndani.

Sijawatumia neno.
Kengele yapiga tano,
nanawa yangu mikono,
na wali uko jikoni.