Mpaka Kwenye Alama

Jumanne usiku, Northwich, darasa la watu wazima.
Januari imebandika barafu kwenye kioo.
Nina miaka arubaini na sita, miwani ya maabara
juu ya miwani yangu, na koti linalonibana makwapani.

Mwalimu Pritchard anaandika ubaoni:
chumvi, gramu ishirini na tisa na robo;
myeyusho, mililita mia mbili na hamsini.
Tafuta ukolezi.

Ukolezi! Kwetu Uvinza
chumvi ilikolea au haikukolea,
na hakimu alikuwa ulimi.
Baba, Gwasa wa tanuru la tatu,
alitumbukiza yai bichi katika maji ya kisima.
Likizama, ngoja.
Likielea, likatoa kisogo upana wa shilingi,
kuni zitiwe.
Hakuwahi kugawa kitu
kwa hamsini na nane nukta tano.

Mimi nagawa.
Sodiamu ishirini na tatu,
klorini thelathini na tano na nusu,
jumlisha, gawa, futa, gawa tena:
nusu moli.
Nusu moli ndani ya robo lita,
moli mbili kwa lita.
Tegan, wa miaka kumi na tisa, anachungulia daftari langu.
Namwachia. Kuchungulia nako ni kusoma.

Mizani niliyoijua ni ya mashairi, nane kwa nane.
Hii ya hapa hutetemeka nikipumua,
punje tatu zikizidi inalalamika kwa nambari.

Karatasini nimefaulu. Mezani nikaharibu.
Nilitangulia maji, robo lita kamili,
ndipo nikamimina chumvi,
na maji yakapanda shingo ya chupa,
yakavuka mstari
kama mgeni asiyengoja kukaribishwa.

"Mwaga," alisema Pritchard, taratibu.
"Chumvi kwanza. Maji kidogo. Tikisa mpaka iyeyuke.
Kisha ongeza hadi alama.
Si robo lita ya maji. Ni robo lita ya vyote viwili."

Sinki ikanywa nusu moli yangu.

Usiku mwingine nahudumia wazee kule Winsford.
Bwana Ollerenshaw alichimba chumvi miaka thelathini,
chini kabisa, ambako hakuna mvua wala Jumapili.
Daktari amemkataza chumvi.
Naikuta ndani ya soksi zake, vipakiti vya mgahawani.
Amekula chumvi nyingi, nawaambia wenzangu,
kisha nacheka peke yangu,
kwa kuwa kwa Kiingereza mzaha huo unazama kama yai.
Yeye ndiye aliyenisimulia Northwich ya zamani:
walifyonza maji ya chumvi ardhini
hadi maduka yakakaa chini, milango ikawa madirisha.

Kaka yangu Bukuru hunipigia simu.
"Vipi, umeshakolea huko?"
Namjibu, "Sijafika alama."
Anadhani nasema habari ya mtihani.

Saa nne. Nimerudia mara ya pili, na mstari umetii.
Nje, lori la manispaa linapita likitapika chumvi barabarani,
chafu, nyekundu kama udongo wa njia ya reli.
Hakuna anayepima.
Naokota punje moja, natazama nyuma,
naiweka ulimini.

Gramu ngapi, kwa lita ngapi za mate, sijui.
Ulimi haujui nukta.
Umekunja uso tu,
kama Baba, kabla ya kusema
kuni zitiwe.