Mwezi Kumi na Tano, Mkunazini

Magharibi, tende ikiwa bado mdomoni,
nilimpelekea sonara Piyadasa bakuli la tambi.
Akalipokea kwa mikono miwili,
akaliweka chini.
"Mwezi mpevu leo. Tangu adhuhuri sili, mpaka kuche."

Ala! Mimi nafuturu, yeye ndiyo kwanza kafunga.

Mbele ya sanamu, asumini za jana
zimeshageuka rangi ya chai.
"Unamwomba nini?"
"Simwombi. Natazama ua linavyonyauka."
Kwetu dua bila ombi ni barua bila anwani,
niliwaza, nikanyamaza.

Kengele ya kanisani ikalia.
Sisimizi wakalipandia bakuli;
akawapuliza mmoja mmoja, wasife.

Nilikuwa nimeshavua ndara moja, nimeiinua.
Nikaivaa.